Mgeni Mmoja Hakupiga Kura

Nilikuwa katibu wa skimu yetu ya mpunga pale Mkula kwa miaka tisa. Ukifungua mihtasari niliyoandika, chini ya idadi ya waliokubali na idadi ya waliopinga utakuta mstari mmoja unaojirudia kila kikao: "Mgeni mmoja hakupiga kura." Mgeni mwenyewe alikuwa na mke hapohapo kijijini, watoto watatu waliosoma hapohapo, na baiskeli iliyojulikana kwa kila fundi wa barabara ya Lamadi. Vikao alihudhuria kuliko hata mwenyekiti. Lakini mstari ule aliutaka yeye. Mara ya kwanza nilipouacha, nikidhani namfanyia hisani, alinirudishia daftari na kuniambia kwa upole, "Katibu, hapa pana mtu amepotea."

Tulimwita Bwana Shamba. Alikuja na mradi wa mpunga kutoka kwao Ufilipino, mradi ukaisha, magari yakaondoka, yeye akabaki. Kwa nini alibaki ni habari ya mke wake, ambaye kwa utani tulimwita Mama Shamba, na mama huyo huisimulia vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Mimi nataka kusimulia habari ya mikono yake.

Mwenyekiti alipokuwa akisema "wanaokubali wanyooshe mikono," Bwana Shamba alichukua mikono yake yote miwili, akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia. Wageni waliokuja kwenye vikao vyetu kwa mara ya kwanza walidhani anasikia baridi. Hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa mtu wa kuongea kwa mikono, mtu ambaye hawezi kukueleza kitalu cha mpunga bila kukipanda hewani mbele yako, na aliogopa siku moja mkono ungepanda wenyewe. "Huu wa kulia una tabia mbaya," alinieleza. "Ukisikia neno kura unaamka."

Mtendaji wetu wa kijiji, kijana msomi na muungwana, aliwahi kumwambia ajisikie huru. Mambo ya mfereji si uchaguzi wa serikali, na yeye ni mkazi wa siku nyingi, kwa hiyo labda hakuna tatizo.

"Labda, au hakika?" Bwana Shamba akauliza.

"Labda," mtendaji akasema, akicheka.

"Basi labda haitoshi."

Halafu kulikuwa na suala la shamba lenyewe. Majaruba yalikuwa ya mke wake, aliyepewa na baba yake, na mwanachama wa skimu alikuwa mke wake. "Mimi ni mume wa mwanachama," alisema, na alilisema kama mtu anayetaja cheo.

Nikiri kwamba mwanzoni alinichosha. Nilikuwa msichana mwenye haraka zangu, nimechaguliwa ukatibu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, na huyu mtu alikuwa akinisimamisha kila ukurasa. Aliyesema hivi ni nani? Aliyepinga alitoa sababu gani? Kwa nini umeandika "wote walikubali" wakati mzee yule wa kona alikuwa amelala? Nilimjibu siku moja kwamba mzee kulala ni uhuru wake. Alifikiri, akaitikia kwa kichwa. "Kweli. Basi andika alilala." Niliandika. Mzee alipousikia muhtasari ukisomwa kikao kilichofuata alikasirika sana, na tangu siku hiyo hakusinzia tena mkutanoni.

Wakati huo huo Bwana Shamba alikuwa na kasoro zake, tena nyingi. Aliogopa ng'ombe. Fikiria mtu anayeishi Usukumani, mifugo inapita mlangoni asubuhi na jioni, na akiona dume linakuja anaruka mfereji kama kijana. Alikuwa dikteta wa saa: kikao cha saa mbili kilikuwa cha saa mbili, na ukifika saa mbili na robo unakuta ameshafagia, amepanga mabenchi, na anakutazama bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusemwa. Na alikuwa mtu wa zamu kwa kila kitu duniani isipokuwa maikrofoni. Kwenye harusi, akishaipata, imekwenda. Aliimba nyimbo za kwao za mapenzi, moja baada ya nyingine, macho ameyafumba, huku wenye kwaya wamejipanga nyuma yake wakisubiri. Siku moja mwenyekiti wa skimu, aliyekuwa na kisasi naye cha muda mrefu, alimwendea mbele ya watu wote akamwambia, "Bwana Shamba, zamu." Ukumbi ulivunjika mbavu. Aliitoa maikrofoni, lakini uso ulimshuka.

Neno hilo zamu lilikuwa lake, ndiyo maana tulicheka. Kwenye skimu kila mtu ana saa zake za maji. Unafungua lango la jaruba lako, maji yanaingia, saa zako zikiisha unafunga, jirani anafungua. Sheria ni hiyo tu, na ugomvi wote wa skimu unatoka hapo. Bwana Shamba alikuwa akipita kwenye tuta na fimbo yake, miguu peku, akiwaambia watu, "Zamu yako ni yako, hakuna wa kukugusa. Ikiisha, funga." Alimwambia hivyo mjane maskini, akamwambia hivyo diwani mstaafu ambaye zamu yake ilikuwa imeisha saa nne na nusu. Diwani alimwuliza kama anajua anaongea na nani. "Najua," akajibu. "Naongea na saa nne na nusu."

Nilimuuliza alikotoa ukali huo. Tulikuwa tunakula viazi vitamu kwenye tuta, mimi na yeye na mke wake. Akasema kwao pia walikuwa na mifereji ya namna hii tangu enzi za mababu, kila kaya inatoa siku zake za kuchimba, na asiyekuja anajulikana. Hilo halikunishangaza, maana hata sisi asiyekuja kuchimba, au asiyekuja msibani, anajulikana. Kisha akasema, "Lakini kwetu palikuwa na mkubwa mmoja zamu yake iliisha, akakataa kufunga lango. Nilikuwa mtoto. Nikawa kijana, bado lango liko wazi. Watu walikuwa hawasemi. Baba alikuwa akizungumza siasa anafungulia redio kwanza, sauti kubwa."

"Ikawaje?" nikauliza.

"Watu walitoka barabarani wakakaa. Masista, walimu, wauza mikate. Walikaa mpaka akaondoka." Akamenya kiazi. "Si wote walikuwa mashujaa, Katibu. Mjomba wangu alienda kwa sababu aliambiwa kuna chakula."

Mtu mwingine angeongeza hotuba hapo. Yeye aliomba chumvi.

Hadithi zake za kwao hatukuziamini zote. Alituambia kwamba katika vijiji vyao, mtu akihama, majirani hupitisha miti ya mianzi chini ya nyumba, wakaibeba mabegani, nyumba nzima na paa lake, mpaka kiwanja kipya, na mwenye nyumba anawapikia. Wanaume wa Mkula walitazamana.

"Nyumba nzima?"

"Nzima."

"Na watu wamo ndani?"

"Watu hapana. Paka huwa anabaki."

Tulimwita mwongo kwa mwezi mzima. Halafu ikatokea kaya moja inahamishia mji wao ng'ambo ya korongo, na kihenge chao cha mtama, kile kikubwa cha kusukwa, hakikuweza kuvunjwa. Vijana wakapitisha miti chini, wakaingia ishirini kila upande, wakaimba, wakakinyanyua. Bwana Shamba alikuwa anapita na baiskeli. Aliitupa chini, akaingia katikati ya vijana na umri wake ule, akabeba, huku analia na kucheka. Walipofika alikuwa hoi, shati limechanika begani. "Mnaona!" alikuwa akisema. "Mnaona sasa!" Tangu siku hiyo tuliamini habari ya nyumba, ila ya paka bado.

Sasa niseme siku ambayo mikono ile ilimponza, maana bila hiyo hutamwelewa.

Skimu ilitaka kuchimba tawi jipya la mfereji. Njia zilikuwa mbili: kupita upande wa makaburi, au kupita upande wa zahanati. Likipita zahanati, maji yangefika mwisho kabisa wa bonde, kwenye majaruba ya watu wachache waliokuwa wanategemea mvua, na mmoja wao alikuwa Mama Shamba. Likipita makaburini, wale wa mwisho wangeendelea kutazama mawingu. Watu waligawanyika. Bwana Shamba alipima njia zote mbili kwa mpira wake mwembamba wa plastiki uliojaa maji, ule ambao mafundi huutumia kujua usawa, akaleta vipimo, akaviweka mezani, akakaa.

Tukapiga kura. Nikahesabu. Nikahesabu tena, mwenyekiti naye akahesabu. Zimelingana.

Kila kichwa kiligeuka kumtazama mtu mmoja. Alikuwa amekaa kwenye benchi la tatu, mikono chini ya mapaja, shingo imeingia mabegani.

"Nyoosha!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mkono mmoja tu, Bwana Shamba!"

"Nani atakushitaki hapa? Wewe si wa kwetu?"

Hilo la mwisho lilimpiga. Niliona. Mke wake hakupiga kelele, alimtazama tu, na mimi nilikuwa upande wake moyoni, ingawa katibu hapaswi kuwa na upande. Bwana Shamba alitikisa kichwa. Mwenyekiti akatumia kura yake ya kuamua, na njia ikawa ya makaburini.

Mama Shamba hakuongea naye kwa siku nyingi. Chakula alipika, akakiweka mbele yake, akaondoka. Kisimani alituambia sisi wanawake, "Mikono ya kula anayo, ya kulima anayo. Ya kunisaidia mimi anaikalia." Tulicheka, naye akacheka, lakini jaruba lake alipanda viazi mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mwingine.

Nilimkuta Bwana Shamba siku chache baadaye anashona kiti cha baiskeli. Nikamwambia wazi kwamba amekosea. Nilikuwa na hasira kwa niaba ya wanawake wote. Nikamwambia kama anataka kuwa wa kwetu, awe wa kwetu, kama hataki asituchoshe na mihtasari. Akaacha kushona.

"Nataka," akasema. "Unadhani sitaki? Kila kikao nataka. Lakini nikiwa wa huku lazima niache kuwa wa kule. Sheria haitaki mtu wa pande mbili. Narudisha pasipoti."

"Si uirudishe? Ni kitabu tu."

Ndipo aliponieleza habari ya mama yake. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwao walimu ndio wanaosimamia kura, ndani ya madarasa yao wenyewe. Wanasoma karatasi moja moja kwa sauti, wanachora vijiti ubaoni, na mtu yeyote anaweza kusimama dirishani akahesabu pamoja nao. Uchaguzi mmoja walikuja wanaume wenye silaha wakataka sanduku. Mama yule, mfupi, mwenye gauni la kanisani, alilikalia. Hakusema lolote la kishujaa. Aliwaambia magoti yanamuuma, hawezi kusimama. Wakabishana naye, wakamtisha, wakashindwa namna ya kumnyanyua mwalimu aliyewafundisha baadhi yao kusoma. Majirani wakajaa, wale watu wakaondoka, na mama akapelekwa mjini yeye na sanduku lake, juu ya gari la miwa, bado amelikalia.

"Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na kura yangu ya kwanza," Bwana Shamba akasema. "Yuko hai. Nampigia kila Jumapili. Nimwambie nini? Mama, ile kura yangu uliyoikalia, nimeirudisha?"

Hasira zangu ziliniisha pale pale, nikabaki nimeshika sindano yake ya kushonea kiti. Kuanzia hapo niliandika mstari wangu wa mgeni mmoja kwa mwandiko mzuri.

Siku za uchaguzi mkuu ungedhani ni yeye anayegombea. Anaamka, anavaa shati jeupe lililopigwa pasi, anachukua baiskeli, anaanza kubeba wazee kuwapeleka kituoni. Bibi mmoja aliyekuwa hataki kwenda, akisema kura yake moja itasaidia nini, alibebwa kwenye baiskeli akiwa bado anabisha. "Mayu, kataa," Bwana Shamba alikuwa akimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, huku anakanyaga pedali. "Una haki ya kukataa. Kataa pale mbele ya boksi." Alipomfikisha, bibi aliingia, akapiga, akatoka anatabasamu. Yeye mwenyewe alisimama nje ya kamba, hatua moja kabisa nje, kofia mkononi. Kila mzee aliyetoka, Bwana Shamba alimshika mkono, akauinamia, akagusisha paji lake la uso kwenye ule mkono wenye wino. Ndivyo kwao vijana wanavyowasalimu wazee, na alikuwa ameshatuzoesha. Siku za kura, paji lake liligusishwa kwenye wino mara nyingi hivi kwamba lilibaki na doa mpaka jioni. Hakuwahi kumuuliza mtu amemchagua nani, na ukitaka kumwambia anaziba masikio.

Mama yake alipofariki, alikwenda kuzika. Alikaa kule muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kusema hatarudi. Mama Shamba alifanya kazi zake kama kawaida, ila nilimwona mara mbili amesimama barabarani saa ya basi bila mzigo wowote. Akarudi. Alikuwa amekonda, ana nywele nyeupe ambazo hakuondoka nazo, na begi moja la nguo lenye khanga sita za kulalia alizodai ni za kwao. Kesho yake alikwenda Bariadi, uhamiaji, kuchukua fomu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa Bariadi, nina cherehani mbili karibu na stendi, nashona sare za shule. Daftari nilimwachia katibu mwingine. Kila alipokuja kufuatilia mambo yake alipita kwangu kunywa chai, na kila mara alinieleza safari nzima, nani alipandia kituo cha Dutwa, kondakta gani alimkalisha mama mjamzito na nani alijifanya amelala. Ndivyo nilivyojua kwamba mwombaji uraia anatakiwa kutangaza gazetini, ili kama kuna mtu ana sababu ya kupinga aiseme. Wengine hutangaza wakanyamaza. Bwana Shamba alinunua nakala za gazeti lile, akazunguka nazo Mkula nyumba kwa nyumba, akisoma tangazo lake mwenyewe kwa sauti na kuuliza, "Una pingamizi?"

"Mhola duhu, salama tu, hatuna," watu walimjibu.

"Fikiri kwanza. Usijibu haraka."

Watu walichoka. Mzee mmoja mwenye mifugo mingi, jirani yake wa miaka yote, akasema yeye analo. "Huyu anaogopa ng'ombe. Mtanzania gani wa Mkula anaogopa ng'ombe?"

Ilikuwa mizaha, na waliokuwepo walianguka kwa kucheka. Bwana Shamba hakucheka. Alitoa kalamu akaiandika. Akamwuliza mzee kama yuko tayari kuituma kwa maandishi, mzee akasema hana haja ya kuandika, anachotaka ni kuona. Basi asubuhi moja, mbele ya nusu ya kijiji, Bwana Shamba aliingia zizini kwa mzee yule, akasimama katikati ya ng'ombe, macho ameyafumba kama mtu anayeimba harusini, mikono ameibana ubavuni. Dume moja likamnusa kwapa. Likamlamba shingo. Hakukimbia. Mama Shamba alikuwa ameushika uzio kwa mikono miwili, na mimi, niliyekuja kumwona mama yangu wiki ile, nilikuwa nimemshika yeye.

"Guku, babu yangu, yatosha?" akauliza bila kufumbua macho.

"Yatosha, ng'wanawane, mwanangu," mzee akasema, na sauti ilikuwa imembadilika. "Toka. Wewe ni wa hapa."

Siku aliyokula kiapo alipita dukani kwangu, kola ya shati imefunguka uzi. Nilimshonea akiwa amelivaa. Alikuwa na bahasha yenye karatasi yake, ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine. Nilimpongeza. Alisema asante, akakaa kwenye benchi langu la wateja, akalia kidogo kwa ajili ya mama yake, akanywa chai, akapanda basi. Nilimfungia maandazi.

Baada ya hapo nilimwona kwa nadra. Kazi ziliongezeka, watoto wakaja. Niliporudi Mkula mara ya mwisho ilikuwa kumpeleka mama yangu kliniki, mwanzoni mwa kiangazi. Nilishuka kwenye basi asubuhi, na kabla sijafika kwetu nikasikia ngoma ya kulimia. Nikaifuata. Upande wa zahanati, watu walikuwa wamejipanga mstari mrefu wanachimba, majembe yanapanda na kushuka kwa mlio mmoja. Mbele yao kabisa alikuwa Bwana Shamba, suruali imekunjwa magotini, ameshika ncha moja ya ule mpira wake wa maji. Ncha ya pili ameishika mke wake.

"Mwangaluka, Katibu!" Mama Shamba akaniamkia kwa Kisukuma kutoka mbali. "Mhola? Njoo upesi, usikie maajabu ya mume wangu."

Kumbe siku iliyotangulia palikuwa na mkutano, wa kwanza tangu Mama Shamba amgawie mume wake jaruba moja naye akaandikishwa uanachama. Hoja ilikuwa ile ile ya zamani: kuchimba tawi la upande wa zahanati, ili wa mwisho nao wapate maji. Mama Shamba alivaa kitenge kipya, akakaa benchi moja na mume wake, akamwambia leo, mzee, hiyo mikono itoke.

"Mwenyekiti akasema wanaokubali," alinisimulia. "Mikono yote ikapanda. Yote, Katibu! Hata wale wa makaburini wametuonea huruma. Nikageuka, namwona ameikalia. Nikamfinya. Nikasema labda ni mazoea, amesahau kwamba ameshakuwa raia. Mwenyekiti akasema wanaopinga. Huyu akanyoosha! Peke yake! Mkono juu kabisa. Nilitaka ardhi ipasuke nimezwe."

Nikamtazama Bwana Shamba. Alikuwa anaangalia usawa wa maji kwenye mpira, lakini mashavu yalikuwa yanamcheka.

"Udongo wa huku ni mchanga," akasema. "Kingo zitabomoka. Niliupima."

"Uliupima lini?"

"Zamani ile, nilipopima njia mbili. Vipimo niliviweka mezani. Hakuna aliyeniuliza nafikiri nini, na mimi sikuwa na kura."

Hili lilikuwa jipya hata kwa Mama Shamba. "Subiri kwanza," akasema polepole. "Siku ile zilipolingana. Ungenyoosha mkono, ungenyoosha upande gani?"

"Makaburini."

"Yaani miaka yote hii nimekununia bure?"

"Si bure sana," akasema. "Viazi vilikuwa vizuri."

Alicheka mama yule mpaka akaketi kwenye tuta, na waliokuwa karibu wakaacha majembe wakacheka naye, mimi nikiwemo, mzigo wangu bado kichwani. Nilipopata pumzi nikamwuliza Bwana Shamba sasa anafanya nini kwenye mtaro alioupinga jana, tena mbele ya kila mtu.

Alinishangaa kidogo. "Si tumepitisha?" akasema. Kisha akaanza kunieleza kwa mikono, akasahau ameshika mpira, kwamba kwenye mchanga mwinamo lazima uwe mdogo, na kingo zipandwe majani mapema, mizizi ishike kabla ya masika. Watu wakichimba bila kipimo utabomoka kweli, na yeye hataki kuwa sahihi kwa njia hiyo. Akanigeukia. "Umeuona muhtasari?"

Katibu mpya, binti mwenye haraka zake, alikuwa kwenye mstari wa majembe. Daftari lilikuwa limelala juu ya sweta lake, pembeni. Nilifungua ukurasa wa mwisho na macho yangu yakaenda chini yenyewe, mahali pa mstari wangu. Haukuwepo. Palikuwa na maneno mengine: "Waliokubali: wajumbe wengine wote. Aliyepinga: mmoja." Mbele ya neno hilo binti alikuwa ameandika jina kamili la Bwana Shamba, majina yote matatu, ambayo mimi kwa miaka tisa sikuwahi kupata sababu ya kuyaandika.

Bwana Shamba alikuwa amekuja nyuma yangu, ncha ya mpira bado mkononi, anasoma juu ya bega langu. Alinyoosha kidole chenye tope akakizuia karibu na karatasi, asiichafue.

"Nimeshindwa, Katibu," akaniambia, kwa sauti ile aliyotutangazia watoto wake walipozaliwa. "Umeona? Vibaya sana."

"Nimeona," nikamwambia.

"Wee uliyepinga!" Mama Shamba akamwita kutoka mwisho wa mpira, amesimama wima, kitenge kipya kimefungwa kiunoni, na nyuma yake jaruba lake la viazi likingoja maji. "Maji yanamwagika huko kwako! Nyoosha mkono!"

Akaunyoosha.